Siku Shangazi Alipolegea Lufingo

Tukuyu, Jumamosi jioni. Manyunyu yalianza mchana na mpaka sasa hayajakatika. Mkono wangu wa kulia umefungwa kitambaa, kwa hiyo haya yote naandika kwa kidole gumba cha kushoto, na simu inateleza.

Sina raha.

Wanaonisoma humu wananijua. Mimi ni Anko Gwakisa, mpiga besi wa Ukungu Jazz, besi namba moja kuanzia Kiwira mpaka mpakani na Malawi, na hilo hata wasionipenda hawabishi. Shule niliishia la saba, lakini mdomo nilipewa wa chuo kikuu. Ukurasa huu alinifungulia mpwa wangu Tumpe, akaniambia, "Anko, hizo hadithi zako ziweke mahali, sisi masikio yamechoka." Nikaziweka. Ile ya ng'ombe waliotoka zizini wenyewe kuifuata besi yangu mnaikumbuka. Ile ya ziwa Masoko kupiga mawimbi siku isiyo na upepo, mnaikumbuka pia.

Leo sikuja kwa mtindo huo. Kesho baada ya ibada natakiwa nisimame mbele ya Mzee Asajile nimweleze jambo moja dogo lililotokea leo. Likipinda mdomoni mwangu, bendi imekufa.

Ukungu Jazz ina umri kunizidi mimi. Ilianzishwa na wachuma chai watatu wa Kinyala: Mzee Asajile kwenye ngoma, marehemu Ambakisye kwenye gitaa, na marehemu baba yangu kwenye besi. Hela ya vyombo vya dukani hawakuwa nayo. Magitaa walichonga wenyewe, nyuzi wakazitoa kwenye waya wa breki za baiskeli. Besi, baba aliitengeneza kwa sanduku la mbao nyembamba, yale ya zamani ya kusafirishia majani ya chai, lililokuwa limetupwa kwa sababu kona yake moja ilibonyea. Akasimika mti, akafunga waya mmoja, basi. Sanduku hilo ndilo ninalopiga mimi. Ninalopiga, au nililokuwa napiga, sijui niandikeje. Ukiinamia tundu lake linanuka chai mpaka leo.

Ngoma zetu ni mbili. Kubwa tunaiita Shangazi, ndogo tunaiita Mpwa. Ni mbili kwa sababu ya baridi ya huku kwetu. Ngozi ikikaa kwenye ukungu inalegea, sauti inakuwa kama unapiga gunia la mahindi. Kwa hiyo moja ikiwa kazini, nyingine ipo jikoni inaota moto. Shangazi akilegea, Mpwa anaingia, na mpigo haukatiki. Wageni hudhani tunabadilisha kwa mbwembwe.

Halafu kuna agano. Wale wazee watatu walikubaliana kwamba bendi ikimtoa bibi arusi kwao, mpigo usikatike mpaka apande gari. Ukikatika akiwa bado uani, ni kama nyumba imemfukuza, na bendi iliyomfanyia hivyo iweke vyombo chini, isipige tena. Ambakisye alikufa nalo hilo. Baba alikufa nalo. Amebaki Mzee Asajile, na yule akishasema, amesema.

Sasa leo.

Asubuhi tulikutana kwa Mzee, Kinyala, sisi wote wanne: Mzee mwenyewe, mimi, Ipyana wa gitaa la solo ambaye ni dereva wa bodaboda, na Saidi wa gitaa la pili, anayeuza vitenge hapa sokoni Tukuyu. Arusi ilikuwa Lufingo. Mlima Rungwe ulikuwa umevua kofia, kilele kimetakata kama sahani iliyotoka kuoshwa. Nikautazama, nikajipiga kifua.

"Leo jua mpaka jioni," nikasema. "Mpwa wa nini? Mwacheni alale."

Ipyana akafurahi, mzigo umepungua. Mzee akawa amesimama na kile kikoti chake cha kahawia.

"Gwakisa, una uhakika?"

"Mzee, mimi na huo mlima tumelelewa pamoja."

"Haya. Umesema wewe."

Nayasikia hayo maneno mpaka sasa hivi.

Tulipofika Lufingo jua lilikuwepo kweli. Kulikuwa na watu kama elfu. Haya, kama mia mbili. Upande mmoja wa ua alikuwepo emsii kijana kutoka mjini, na spika zake mbili ndefu kuliko mlango. Mzee wa nyumba alishapanga: jazz imtoe binti mpaka garini, halafu spika zichukue sherehe. Tukaanza. Shangazi alilia vizuri mpaka akina mama wakaacha vyungu.

Bibi arusi, Atupele, akatokea mlangoni. Kile kibaraza chao ni cha mbao, kimeinuliwa juu ya mawe, na mimi nilikuwa nimekaa chini kabisa pembeni yake, besi mapajani, miguu ya Atupele usawa wa macho yangu. Mnajua mwendo wa bibi arusi. Hatua moja, anasimama. Shangazi zake wa kweli wanakuja kumtunza, wanamfuta jasho ambalo halipo. Hatua nyingine. Macho chini, hatabasamu, ndivyo alivyofundwa.

Hajamaliza kibaraza, ukungu ukashuka.

Haukuja kwa hodi. Ulitoka migombani ukatufunika, na manyunyu ndani yake. Nikaanza kumsikia Shangazi anabadilika. Kwanza sauti ikawa nzito. Halafu ikawa na kikohozi. Halafu likawa gunia.

Mzee alinitazama tu huku anapiga, na mimi nikatazama pale ambapo Mpwa angekuwa.

Emsii akainua maiki yake. "Wazee wetu, betri inaisha?" Watu wakacheka.

Nikaangusha mti wa besi, nikalifudikiza sanduku la baba, nikaanza kulipiga kwa ngumi mbili, mpigo ule ule wa Shangazi. Nikampigia kelele Mzee, "Nenda! Nenda jikoni!" Akambeba Shangazi begani, mbio nyuma ya nyumba. Nilimsikia mama mmoja anamwambia, "Baba, angalia usituangushie ngozi, tuna ndizi humu!"

Nilipiga. Siongopi, sijawahi kupiga namna ile. Saidi na Ipyana walinifuata, Atupele akaenda hatua moja, nyingine. Ndani ya kifua changu nilikuwa nasema, shikilia, sanduku, shikilia.

Kona ile iliyobonyea ikapasuka. Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, mbao ikanichana.

Saidi akaacha gitaa akanishika mkono, maana damu ilikuwa nyingi. Ipyana humfuata Saidi siku zote, naye akaacha. Emsii akageukia mashine zake kutafuta pa kubonyeza. Kila mtu alikuwa anatazama ama mkono wangu, ama spika.

Mimi nilikuwa natazama miguu iliyokuwa mbele ya pua yangu.

Gauni likatikisika kidogo pembeni. Kiatu cha kulia kikanyanyuka kisigino, kikashuka kwenye ubao. Ko. Halafu ko-ko. Halafu ko. Mpigo wetu, palepale nilipouachia. Ukungu ukafunguka. Uso wake hata haukubadilika, macho chini vilevile kama malaika aliyechorwa ukutani, lakini kisigino kinafanya kazi ya Shangazi. Akaurudia mzunguko mzima, akauanza tena, na hapo Mzee akatokea nyuma ya nyumba, Shangazi anafuka moshi, akaudaka mpigo, na tukamfikisha binti garini. Gari likashika njia ya Mbeya.

Watu walipiga vigelegele. Hakuna aliyelalamika. Wenye nyumba walitupa wali na nyama.

Mzee Asajile hakula.

Tulikaa nyuma ya nyumba, karibu na moto. Saidi alikuwa ananifunga kitambaa hiki, kipande cha kitenge cha biashara yake, na ananiambia nimshukuru maana ni cha bei. Mzee akalaza fimbo zake mbili juu ya Shangazi.

"Nikiwa jikoni nilisikia kimya," akasema.

"Mzee, ilikuwa pumzi moja tu," Saidi akasema.

"Sikuuliza urefu."

Hapo nikasema. Nikasema kiatu. Nikasema bibi arusi ndiye aliyeshika mpigo, nimemwona kwa macho yangu, hakukuwa na kimya.

Saidi alicheka mpaka akafungua kitambaa bila kukusudia. "Anko! Kesho utatuambia na shela lilipiga solo!"

"Na wale ng'ombe wake wakaitikia," Ipyana akadakia.

"Wewe ulisikia kiatu?" Mzee akamuuliza Saidi.

Saidi akaacha kucheka. "Mimi nilikuwa na damu ya huyu bwana, Mzee. Sikusikia chochote."

Ipyana naye hakusikia. Akasema basi tumpigie simu Atupele mwenyewe, namba si inapatikana? Mzee akamtazama kama mtu aliyetukana kanisani.

"Mtoto wa watu ametoka kwao leo. Nimpigie nimuulize kama nilimtia aibu? Agano ni letu, shahidi atakuwa wa kwetu."

Kisha akanigeukia. Nilijua ananigeukia kabla hajageuka.

"Gwakisa. Kesho baada ya ibada uje nyumbani. Utanisimulia ulichokiona. Sasa hivi usiseme, sasa hivi una moto. Ukiongeza hata jani moja nitajua, maana nimekusikiliza tangu unatambaa. Ukiongeza, nazichoma hizi fimbo."

Hakuzibeba. Aliziacha zimelazwa juu ya Shangazi, akamfunika pamoja nazo kwa turubai, Ipyana akawarudisha Kinyala, yeye na ngoma yake.

Basi ndiyo hivyo. Katika wilaya nzima ya Rungwe, shahidi ni mimi.

Nimejaribu kumsimulia Tumpe hapa nyumbani kama mazoezi. Nilipofika kwenye kiatu akasema, "Anko, jamani," akaenda kupika. Simlaumu. Watu wanadhani nadanganya kwa kupenda. Siyo. Kitu nakiona kilivyo, lakini kikipita mdomoni mwangu kinanenepa. Wakicheka, nakinenepesha tena. Leo ndiyo mara ya kwanza nina kitu kilichonenepa chenyewe, kilichotokea hivyohivyo mbele ya pua yangu, na hakuna wa kukipokea.

Sanduku la baba lipo hapa miguuni. Kona imefunguka kama mdomo. Fundi atasema litapona, au atasema halitapona. Hilo kesho halinisumbui. Linalonisumbua ni yule mzee kukaa na fimbo mbili mkononi ananisikiliza, na mimi nimeshamweleza kwamba na mlima ule tumelelewa pamoja.

Ndiyo maana nimeandika. Nilisema nikiandika kwanza, maneno yatakaa, hayatakuwa na pa kukimbilia.

Nimerudi kusoma tangu juu. Elfu ya watu nilijikamata mwenyewe. "Malaika aliyechorwa ukutani" ni mapambo, lakini macho yalikuwa chini kweli. Ziwa na ng'ombe ni habari za zamani, Mzee hajaziuliza.

Halafu nikafika kwenye kiatu. Nimeandika, "Ukungu ukafunguka."

Haukufunguka.

Sikumbuki hata nilivyoandika. Kidole kilipita tu. Palepale, katikati ya jambo la kweli kuliko yote niliyowahi kuona, nimechomeka jani. Kama ningekuwa mbele ya Mzee, fimbo zingekuwa motoni.

Sifuti. Naliacha hapo juu nilione tena asubuhi kabla sijatoka.

Ukungu ulikuwepo mwanzo, ulikuwepo mwisho, na gari liliondoka ndani yake likiwa limewasha taa. Mimi nilisema jua mpaka jioni, na jua halikufika jioni. Nitaanzia hapo kesho. Halafu kisigino cha kulia, ubao wa kibaraza, ko, ko-ko, ko.

Halafu ninyamaze.