Redio Haikuzimika

Mjukuu wangu Zawadi,

Salamu zikufikie huko ukiwa mzima. Sisi huku Buzebazeba hatujambo, na mama yako amepona. Umeniuliza kama hiyo kazi yako ya kutunza betri za kompyuta za akili mnemba, betri zinazongoja tu umeme ukatike, ni kazi kweli.

Usichanani nilikuwa naongea na meli kwa redio, bandarini Kigoma. Mchana mmoja mvua iliziba ziwa, nahodha wa meli ya abiria akawa haoni nchi kavu. Nikiwa namwelekeza, umeme ukakatika. Feni ilisimama, lakini betri za akiba zikaishikilia redio isizimike, na sauti ya nahodha ikaja kama ya ndotoni.

"Dada, bado upo?"

"Nipo. Njoo taratibu."

Alipofikisha abiria wote salama, alikuja kunishukuru. Nilimpeleka chumba cha nyuma, tukasimama mbele ya zile betri zilizokuwa zikingoja siku kama hiyo, tukisikiliza mvua.

Bibi yako anayekuwaza