Siri Niliyoipeleka Kwenye Maombi

Jumapili, jioni. Mvua iliyoanza asubuhi imepungua, sasa ni manyunyu tu. Nimerudi kutoka Wamaza nikiwa na matope mpaka magotini. Mke wangu ameniwekea maji ya kuoga, yanapoa, na mimi bado nimekaa hapa na simu mkononi.

Sijisikii vizuri, na wala sitaki kujisikia vizuri.

Wachache mnaosoma ukurasa huu mnajua kwamba mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasongo, na kanisani ndiye ninayekabidhiwa waamini wapya. Mmoja mmoja, si darasa. Majina nitakayotaja leo si ya kweli. Angalau hilo nimejifunza, ingawa nimechelewa.

Wa mwisho kukabidhiwa kwangu nimwite Asumani. Ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, alitoka upande wa Uvira kuja kutafuta dhahabu huku Kabambare, akachimba, akachoka, akahamia Kasongo kutengeneza baiskeli karibu na soko. Kila Jumamosi tulikaa kwenye benchi nyuma ya kanisa, yeye akifuata mistari kwa kidole chenye grisi, mimi nikieleza. Nakiri nilijivuna. Alikuwa na maswali ambayo wazee wetu wa kanisa waliacha kuyauliza zamani.

Somo la nne lilikuwa toba. Asumani akataka kujua kama kunyamaza nako ni dhambi. Nikasema inategemea umenyamazia nini. Ndipo akanieleza.

Mwaka jana alikuwa anachimba karibu na Wamaza pamoja na mwenzake, Juma. Siku moja udongo ukashuka na Juma akabaki chini. PDG, ndivyo wachimbaji wanavyomwita mwenye shimo, akakataza watu wasifukue kwa sababu ardhi ilikuwa bado inatembea. Akaagiza wote waseme Juma amekwenda Kalemie kutafuta maisha. Aliyetumwa kupeleka habari hiyo kwa mama yake Juma, pale Wamaza, alikuwa Asumani. Mama akafurahi kusikia mtoto wake mzima, akampikia mgeni wali na sombe, yale majani ya muhogo. Asumani alikula akamaliza.

Tangu siku hiyo yule mama alikuwa anangoja simu kutoka Kalemie.

"Mwalimu, kesho nitaenda," Asumani aliniambia. "Asikie kwa kinywa yangu mimi, si ya mutu mwingine. Kisha nimuonyeshe fasi mutoto wake iko." Kwangu aliomba kitu kimoja tu, nimsindikize.

Hapo ndipo mimi mwenye hekima nilipofungua mdomo. Haraka haraka haina baraka, nikamwambia. Tuombe kwanza.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Kwenda Wamaza wakati wa mvua ni siku nzima juu ya pikipiki, na kusimama mbele ya mama aliyefiwa nikiwa na mtu aliyemdanganya, hilo sikulitaka kabisa. "Tuombe kwanza" ni neno zuri sana kwetu sisi watu wa kanisa, maana hakuna anayeweza kulikataa. Asumani alikuwa mpya, hakujua kwamba jambo linaweza kuombewa mpaka likaoza. Akanitii.

Jumamosi iliyofuata akauliza tena, nikasema barabara ni mbaya. Jumamosi ya pili nikasema nina mitihani ya kusahihisha. Mitihani ilikuwepo kweli, lakini haikuwa mingi.

Katikati ya hizo Jumamosi mbili nilifanya jambo baya zaidi. Kila Jumatano tuna kikundi cha maombi, watu wanane, kila mmoja analeta haja yake. Zamu yangu ilipofika sikutaja jina. Nilisema kuna ndugu mchanga katika imani anateseka moyoni, alimwacha mwenzake chini ya shimo huko Wamaza akaidanganya familia, tumwombee apate amani. Nilisema kwa sauti ya upole, macho nimefumba. Mama mmoja alilia. Tuliomba kwelikweli siku ile, na nilirudi nyumbani nikijiona mchungaji.

Mwamini mpya kanisani kwetu alikuwa mmoja tu. Mchimbaji alikuwa yeye huyo huyo. Hata mtoto wa darasa la kwanza angejua ni nani.

Ulimi hauna mfupa. Mmoja wa wale wanane hununua mawese upande wa Wamaza, na simlaumu, kwa sababu naye alimweleza dada yake wa huko ili amsaidie kuomba. Dada naye ana jirani anayeomba.

Alhamisi ya wiki hii kaka zake Juma walifika sokoni na pikipiki mbili. Mimi nilikuwa darasani, nikaitwa. Nilipofika, watu walikuwa wameshawatenganisha. Asumani amekaa chini kati ya magurudumu, meno mawili hayapo, damu kifuani. Nikamnyooshea mkono, hakuushika, akainuka mwenyewe.

Hakunitukana. Angenitukana ningepumua.

"Nilikuambia wewe peke yako, Mwalimu," alisema, akaanza kuokota vyombo vyake.

Ijumaa asubuhi chumba chake kilikuwa kitupu. Mvuvi mmoja wa Nyangwe anasema alimvusha mto Lualaba kwa mtumbwi, hakuuliza anakwenda wapi. Simu yake imezimwa.

Basi jana nikapanda pikipiki kwenda Wamaza, safari ile ile niliyoikwepa. Sasa nilikuwa na nafasi. Barabara ilipitika.

Mama yake Juma nilimkuta kwenye mkeka pamoja na jirani zake, wamemaliza kumsomea mtoto wake dua. Ni mama mdogo wa mwili, anaongea polepole. Nilimweleza yote, hata kwamba Asumani alitaka kuja mapema na mimi ndiye niliyemzuia. Wanawe walisimama mlangoni, wakanisikiliza. Nilikuwa tayari kupigwa. Nadhani nilikuwa natamani.

Yeye alitaka kujua jambo moja, mahali. Kile kilima kimejaa mashimo, mengi yameshajaa maji, PDG amehama na wachimbaji wake wametawanyika kila mmoja na njia yake. Aliyebaki karibu, mwenye kujua ni shimo lipi, alikuwa Asumani. Alikuwa tayari kuja kwa miguu yake kulionyesha. Kaka zake Juma walimtoa meno, lakini aliyewatuma ni mdomo wangu.

"Wewe ulijua tangu lini?" akaniuliza.

"Karibu wiki tatu, mama."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayepiga hesabu ya siku.

"Na ile wiki tatu yote, mulikuwa munaomba nini?"

Nilitafuta jibu zuri. Mimi ni mtu wa majibu, ndiyo kazi yangu, Jumamosi zote hizo nilikuwa nayo. Mwishowe nikamwambia kweli: tuliomba Asumani apate amani.

"Na mimi?"

Hakuna aliyemtaja. Tulikuwa watu wanane, tumepiga magoti, wengine na machozi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba katika habari ile kuna mama anayengoja simu. Mimi niliyeileta habari sikumkumbuka. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaangalia chini, akaniuliza kama nimekula.

Sikuweza kukaa. Nililala kwa jamaa wa dereva wa pikipiki aliyenileta, na alfajiri tukaondoka.

Kesho sitaingia darasani. Nitaanzia Nyangwe, kwenye kivuko, nimwulizie Asumani upande wa pili wa mto. Huenda nisimpate, na nikimpata huenda asitake hata kuniangalia. Lakini mama anataka kuonyeshwa mtoto wake yuko wapi, na mimi sijui.