Turbo Imekufa, Eti

Jumamosi usiku

...na tangu asubuhi fundi ana wimbo huo huo: turbo imekufa, turbo imekufa. Nimechoka!

Gari langu lilikaa kibandani kwa Mama muda wote niliokuwa kazini kiwandani. Leo mlimani likatoa moshi mweusi, likakosa nguvu, hadi trekta la miwa likatupita. Na kesho ndilo la kumbeba bibi harusi, dada yangu.

Fundi Makokha ameshinda akiifungua hiyo turbo, pampu ya kuisukumia injini hewa, kila nati ikimtoa jasho.

Jioni Mama akatuletea chai. “Wanangu, ile gunzi ya mahindi niliziba nayo bomba ya hewa, panya wasiingie, mlitoa?”

Fundi akachungulia bombani, akalichomoa gunzi.

Kumbe turbo ilikuwa nzima. Sasa ndiyo iko vipande vipande juu ya gunia.