Kwa Baba Yetu Rubeni, Aliyeshika Bendera Gatini Kisumu

Baba, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, tarehe 14 Oktoba 1994, hapa hapa nyumbani Susuni. Bado kuna asubuhi tunakumiminia chai kwenye kikombe chako kabla hatujakumbuka. Mama hukichukua, akainywa mwenyewe, maana yeye hajawahi kumwaga chai maishani mwake.

Nimepewa kalamu mimi Boke, binti yako wa kwanza. Ulizoea kusema nina maneno kuliko redio, basi leo yapate kazi. Tunakukumbuka mbele ya watu wote watakaosoma gazeti hili, ila kuna mmoja tunayetaka alisome kuliko wengine. Ni Nathan, kitinda mimba wako, ambaye hakuja kukuzika na hajakanyaga nyumbani mpaka leo.

Wengi hawajui kazi uliyoifanya ujanani. Uliondoka Susuni mwaka 1946, ukavuka mpaka kwa miguu, ukaajiriwa Reli kule bandarini Kisumu. Garimoshi lilikuwa likiyasukuma mabehewa kinyumenyume hadi gatini, yapakuliwe pembeni mwa meli. Dereva akiwa huko mbele haoni nyuma. Anakutazama wewe tu na bendera zako mbili. Marobota ya pamba, magunia, ngozi, madebe ya samli kutoka Musoma, vyote vilipita mbele yako miaka kumi na sita.

Sheria yenu ilikuwa moja, nasi tuliinywa pamoja na uji: dereva asipomwona mwenye bendera, asimame. Asibahatishe, hata kama kapteni wa meli anatukana kwa Kiingereza na makuli wanapiga kelele twende, twende. Asimame mpaka amwone tena.

Ving'ora vya meli vilikuharibu sikio la kushoto, ukawa mtu wa mikono. Mkono ukinyooka pembeni, sisi watoto tunaganda. Ukipunga chini taratibu, tunakuja. Wageni walidhani nyumba yetu ni ya mabubu, kumbe mimi nilikuwemo! Hata Mama ulimposa kwa mikono. Alikuwa Abonyo, msichana wa Kijaluo kutoka Kano aliyewauzia makuli uji wa wimbi. Ulimpungia bendera ya kijani, akadhani garimoshi liko nyuma yake, akaruka na chungu chake kikavunjika. Ulikwenda kwao kulipa chungu, ukarudi na mchumba.

Ulikuwa mpole, Baba, na mara nyingine upole wako ulituudhi. Jirani akiingiza ng'ombe kwenye migomba yetu, unawatoa, unawasindikiza hadi kwake, unamsalimu, unarudi. Tukikuuliza umemwambia nini, unasema, "Nimemwambia ng'ombe wake wana afya."

Kisha ikaja habari ya dhahabu. Vijana walimiminika machimboni kutoka kila mkoa, na wa kwetu wakaacha majembe shambani. Nathan naye akafunga mzigo wake. Hukumfokea. Ulimwambia kwamba kule gatini ulikuwa unaviona visanduku vidogo kutoka migodi ya wazungu upande wa Musoma, askari wawili kwa kila kimoja, vikitoka melini kupanda garimoshi.

"Niliiona dhahabu ya kwetu ikienda, mura, kijana wangu," ulisema. "Sikuwahi kuiona ikirudi."

"Hiyo ilikuwa ya wazungu, Baba. Hii ni yetu," alijibu, akaondoka.

Mwezi wa sita ulimfuata, mzee wa miaka sabini. Ulituambia unakwenda kumsalimu tu. Ulikaa wiki tatu, ukarudi peke yako, umekonda, shati limechanika kifuani. Mama alikuuliza, "Mtoto yuko wapi?" Ukajibu, "Yuko kazini. Mikono yake imekomaa." Hukuongeza neno, na miezi minne baadaye ukatuaga. Tulimtumia Nathan habari, hakuja. Watu walisema mengi msibani: asiyesikia la mkuu, kijana kapofushwa na dhahabu. Nami nilisema, Baba. Nilisema kuliko wote, na naona aibu.

Siku ya tatu baada ya mazishi alifika mgeni, Msukuma mrefu, viatu vyake vyeupe kwa vumbi la mawe. Alijitambulisha kuwa anaitwa Masalu, anafanya kazi duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, na Nathan. Alimpa Mama shikamoo, akaketi, akatuambia lile ambalo hukutuambia.

Alisema ulipofika ulikuta watu wanavuta kamba kwa gogo la kuzungusha, hatua kumi kutoka kwenye shimo, hawamwoni anayepanda. Kila mtu alikuwa anaamuru: vuta, acha, vuta. Ulisimama ukingoni bila kuombwa, ukaanza kuwaashiria kwa mkono. Walikucheka, wakakuita Mzee wa Reli. Ila baada ya siku mbili hakuna aliyekubali kushuka kama hujasimama pale.

"Alitufundisha jambo moja," Masalu alisema. "Mkinikosa machoni, simameni."

Siku hiyo, mchana kweupe, Nathan alikuwa katikati ya shimo anapandishwa. Masalu alitazama ukingoni, hakukuona. Akawaambia wenzake wasimame. Nathan akapiga kelele kutoka chini, "Vuteni! Mnaniua!" Wenzake nao wakataka kuvuta. Masalu aliwaambia washikilie hapo hapo, kisha akakimbia kuangalia.

Alikukuta umelala kifudifudi nyuma ya rundo la kifusi. Jiwe ukubwa wa mbuzi lilikuwa limelegea ukingoni, kamba inalisugua, na ulikuwa umelikumbatia kwa mikono miwili lisimwangukie mwanao. Kama wangevuta hatua moja tu, lingekuponyoka. Mlilirudisha nyuma nyinyi wawili, ukainuka, ukapunga mkono, Nathan akapandishwa taratibu.

Nathan alitoka na viganja vimechubuka, amewaka hasira. Hakuwa ameona kitu. Alidhani umemning'iniza makusudi ili aogope, aache kazi. Alikuambia mbele ya wenzake wote, "Baba, nenda nyumbani. Unaniaibisha. Hapa si gatini kwenu."

Masalu alifungua mdomo aeleze. Ukanyoosha mkono pembeni, ukamzuia. Ukajipangusa vumbi, ukachukua kofia yako, ukaondoka.

"Nilinyamaza kwa sababu alinitaka ninyamaze," Masalu alimwambia Mama. "Alipofariki nikaona siwezi tena. Nikamwambia Nathan yote. Amekaa siku mbili bila kula. Nikamwambia twende tukazike. Akaniuliza, nitakwenda kwa uso gani?"

Mama alilia siku ile kuliko siku ya kaburi. Mimi nilitoka nje nikaenda migombani, nikakukasirikia, Baba. Nilikukasirikia sana. Neno moja tu lingetosha, na wewe ukalificha ili mwanao asionekane mjinga mbele ya vijana wenzake. Sasa nimepoa. Ulikuwa hivyo kwa ng'ombe wa jirani, ungekuwaje tofauti kwa mtoto wako?

Tumetuma watu watatu kwake mwaka huu. Wa mwisho alikuwa Waisiko, kaka yake, aliyekwenda kwa baiskeli. Nathan alimpa maji, akamwuliza afya ya Mama, akarudi shimoni.

Kwa hiyo tunayaandika hapa maneno uliyoniambia siku mbili kabla hujatutoka, nikikushikia bakuli la uji. Siku ile niliyachukulia kuwa maneno ya kawaida ya mzee anayempenda mwanawe wa mwisho. Ulisema, "Nathan akirudi, asiulizwe kitu. Apewe maji aoge, apewe chakula." Ukataka niyarudie kama karani, nikayarudia mpaka ukaridhika. Kuteleza si kuanguka, Baba, na nyumba hii haina mtu anayemdai maelezo.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika hapa nyumbani Susuni, Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1995, saa nne asubuhi. Mjomba Okech atakuja kutoka Kisumu, na Masalu ameahidi kufika.

Nilipomsomea Mama majina ya kuweka mwisho wa tangazo hili, alinikatiza.

"Umeacha mmoja."

"Sijui kama anataka, Mama."

"Nyathina, mwanangu, nani aliulizwa kama anataka kuwa mtoto wa babake? Andika!"

Basi unakumbukwa na mkeo Abonyo, watoto wako Boke, Waisiko, Efrazia na Nathan, mkweo Hilaria, shemeji yako Okech, wajukuu zako kumi na mmoja, na Masalu, ambaye Mama sasa anamwita mwanangu.

Hatutakusahau kamwe, Baba, sisi wanao wote wanne.