Baba Mkwe Alivyoifungua Kompyuta

Alhamisi, Nyasho

Kompyuta, chombo pekee kinachotulisha, ilizima tena mchana kwa joto, na akina mama wa Kisorya walikuwa wamekaa wanasubiri niwachapie katiba ya kikundi chao. Feni mpya ya kuipoza hatuna uwezo nayo.

Baba mkwe akaja na bisibisi. Nikamwambia, "Baba, tafadhali, ikiharibika tumekwisha."

"Mwanangu, kule kiwanda cha pamba, mashine ikichemka, tulikuwaga tunaanza na vumbi."

Akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu. Feni ya ndani ilikuwa imevaa vumbi zito kama sufi! Akalitoa kwa brashi ya rangi, akapuliza kwa pampu ya baiskeli. Kisha tukaisogeza kompyuta mbali na ukuta, tukaiinua juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite, tukaiwasha.

Nikachapa kurasa zote sita. Haikuzima. Nilimtilia shaka bure mzee wangu huyu, nimpendaye kuliko anavyojua.

Mama mmoja akamwuliza, "Fundi, unaitwa nani?"

Tangu kiwanda kifungwe kule Bunda, hakuna aliyemwita hivyo. Akafuta mikono, ndipo akataja majina yake yote matatu.