Kwenye Kaseti Hucheki

Mke wangu, Mama Keza,

Kaseti ya video ya harusi yetu imevuka mpaka. Mama yako aliileta kutoka Goma, akapita nayo pale mpakani Petite Barrière ikiwa imefunikwa na mafungu ya majani ya sombe. Imeanza kuota kuvu. "Muiweke mu CD," aliniambia, "mwana aone mama yake."

Jirani yetu aliyerudi kutoka Kampala ana kompyuta sebuleni kwake. Nilidhani ni kazi ya dakika chache. Kumbe kaseti lazima icheze yote, taratibu, kama siku ile yenyewe, huku kompyuta ikinakili. Umeme ukikatika, mnaanza upya. Halafu tukaambiwa na mashine kwamba CD moja inabeba kama saa moja tu. "Bon, chagua," jirani akasema.

Nikawakata wazee na hotuba zao. Nikamkata hata mjomba wako, anavyopenda kusikika, pale anapowaapia watu wetu, kama ilivyo desturi ya posa, kwamba kwenu hakuna msichana kama huyo, kwamba ameshaingia utawa. Siku ile mzaha wake ulinichekesha. Safari hii niliposikia "huyo mtu hayupo hapa," niliinuka nikatoka nje.

Niliporudi, kwenye kaseti ulikuwa unatoka ndani. Macho chini, midomo umeifunga, kama bibi harusi aliyelelewa vizuri. Ulinisimulia baadaye kwamba shangazi yako alikuwa amekufinya mkono mlangoni: "Usicheke, batu batasema hatukukulea."

Wewe, uliyecheka kwa kila kitu! Nilipoteleza kwenye matope ya Mudende na gunia la viazi mgongoni, ulicheka mpaka ukashika ukuta. Hata asubuhi ile ya uchungu wa kuzaa, njiani kwenda hospitali, ulinicheka kwa kuvaa viatu visivyofanana. Nilirudi nyumbani na viatu hivyohivyo, na Keza mikononi, bila wewe. Nimekukosa tangu siku hiyo na sijazoea.

Sasa Keza anakwenda kwa jirani kuiangalia CD kila akipata nafasi. Juzi nilimpeleka kupigwa picha ya shule. Akainamisha macho, akafunga midomo.

"Cheka kidogo," nikamwambia.

"Hapana. Mi nataka kufanana na Mama."

Nikamweleza kwamba ile ni desturi tu, kwamba mama yake alikuwa mtu wa kucheka kuliko watu wote wa mtaa huu. Akanitazama kama ninayemdanganya.

"Alikuwa anacheka namna gani?"

Nikafungua kinywa nimwonyeshe. Yalinijia matope, ukuta, viatu. Kicheko chenyewe hakikuja. Nilijaribu tena, ikatoka sauti ya mwanamume anayekohoa, na mtoto akashika mkono wangu akasema basi, Papa, acha.

Mama Keza, nimepoteza sauti yako, na hakuna kaseti yake. Ukinijia ndotoni, usiniulize habari za nyumbani. Cheka tu, tena polepole, nisikie vizuri, nikamfundishe mtoto.

Mumeo,
Baba Keza