Mkono kwenye Shati la Mkwe

Jumanne, 2 Septemba 2025
Mwanangu Agnesi amemlisha bibi yake sasa hivi. Kakata katonge, kachovya mchuzi wa samaki, mgebuka, eti "bibi, sema aaa." Miaka mitatu huyo! Mama akafungua mdomo. Nikacheka, machozi yakafuata.

Daktari kasema leo ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Hauponi. Utazidi taratibu. Nikauliza dawa. Kasema za kumtuliza zipo, ila kikubwa mumzoee. Mimi naona jioni hii kachangamka. Labda ugonjwa si mkubwa sana.

Alhamisi, 4 Septemba
Miaka minne ya ndoa, mume wangu Pastory na mama hawajawahi kutazamana usoni. Mkwe ni mkwe. Tulipomleta kuishi nasi hapa Gungu, Pastory alimtobolea mlango wake wa nyuma wasikutane sebuleni.

Leo mama kaingia mlango wa mbele. Kakaa benchi moja na Pastory, naye anakula. Kampangusa maranda kifuani — alikuwa katoka bandani kuranda mbao — kamwambia, "Telesphory, leo umechelewa." Telesphory ni baba. Huu mwaka wa kumi na moja tangu tumzike.

Pastory alisimama na sahani yake. Kamalizia kula nje, kasimama hivyohivyo.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimemwambia Pastory ni ugonjwa. Kasema, "Najua, mama Agnesi. Kichwa kinajua. Mwili ndio unakataa."

Regina jirani kasikia yote. Kanipigia kelele juu ya ua: mwenzangu, umeletewa mke mwenza, tena mkubwa! Nilicheka naye. Kisha nikaingia chooni, nikajifungia.

Jumapili, 7 Septemba
Pastory kalala bandani siku ya pili. Kanisani alikaa mbali nasi.

Mjomba Gervasi, kaka yake mama, kaja kutoka Mwandiga. Anasema atamchukua mama. Nikamuuliza mchana wote wanashinda shamba, nani atamwangalia? Kasema watamfungia ndani, ndiyo usalama wake.

Nikamfuata Pastory bandani. Hakuinua macho. "Simfukuzi mama yako. Ila akiwepo, mimi sirudi ndani."

Nikarudi jikoni. Nawataka wote wawili.

Jumatano, 10 Septemba
Mjomba anamchukua leo; nimemwogesha mama. Nimemfunga kitenge kipya. Kauliza tunaenda wapi. Nikamwambia, kwa kaka yako. Kafurahi kama mtoto, halafu kanuna: na Telesphory atapikiwa na nani?

Gari la mjomba limefika saa tisa. Pastory kaja kubeba begi, uso kaelekeza ukutani. Mama kamkamata shati. Kalishika tu.

Nimekimbilia chumbani, nimeshika hili daftari, sijui kwa nini. Nasikia mjomba anasema vuta basi, kijana, tutachelewa. Pastory havuti. Wala hauondoi mkono wa mama. Labda

Ananiita. "Mama Agnesi, njoo umbandue. Mimi siwezi kumgusa." Sauti yake imekauka. Naenda. Ila nikiushika ule mkono wa mama sijui kama nitautoa au nitaushikilia hapohapo.